Kifudifudi: Kura, Dhana na Neno "Sijui"



Mwaka 2021, nikiwa mwaka wa mwisho wa thanawi, baba yangu mkubwa alilazwa hospitalini Bujumbura kwa korona. Sisi ni watu wa Buyenzi, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyepelekwa kusoma dini, kwa hiyo tangu nikiwa kijana mdogo naitwa ustadhi na watu walionizidi umri mara tatu. Usiku mmoja kaka yangu, mtoto wake, alinitumia ujumbe wa sauti. Mzee alikuwa anavuta oksijeni kwa mpira wa puani, fahamu zake zote anazo, lakini oksijeni katika damu ilikuwa inashuka. Muuguzi alimwomba alale kifudifudi, saa kadhaa mchana na saa kadhaa usiku. Mzee akakataa. Alikuwa muadhini kwa miaka mingi, na alijua kwamba Mtume (s.a.w.) alimkuta mtu amelala kwa tumbo, akamwamsha na kumfahamisha kuwa ulalaji huo Allah haupendi. Mzee akasema hataki mauti yamkute katika hali hiyo. Kaka akaniuliza: "Ustadhi, dini inasemaje?"

Nilijibu kwa sekunde arobaini. Nilimtaja Abu Daud, nikamtaja Tirmidhi, nikaongeza na riwaya ya Ibn Majah inayoufananisha ulalaji huo na wa watu wa motoni. Nikamaliza kwa kusema kwamba mzee yuko sahihi. Baba mkubwa akabaki amelala chali. Siku ya nne akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata kuhusu wagonjwa kulazwa kifudifudi, na wenzangu wa bweni wamenicheka sana kwa hilo, kwamba mtu wa Kitivo cha Sharia anashinda akisoma mambo ya mapafu. Mwanzoni nilitaka kujua jambo moja tu: je, nilimuua? Katika kutafuta jibu nikakutana na swali jingine, ambalo nadhani linamhusu kila anayesoma elimu yoyote katika chuo hiki: ni wakati gani mtu asiyejua ana udhuru, na ni wakati gani kutojua kwake ni kosa?

Kwanza tuelewe lenyewe. Mtu akilala chali, moyo na viungo vya tumboni hulemea sehemu ya nyuma ya mapafu. Kwa mtu mzima wa afya hilo halina neno. Lakini mapafu yaliyovimba na kujaa majimaji huwa mazito, na sehemu ile ya nyuma, ambayo ndiyo kubwa, hujifunga kabisa, hewa haiingii. Damu nayo inaendelea kupita huko huko kwa wingi, inarudi bila kuchukua oksijeni. Mgonjwa akigeuzwa kifudifudi, sehemu ile hufunguka, hewa hugawanyika kwa usawa zaidi, na mashine ya kupumulia haiyanyooshi kupita kiasi maeneo machache yaliyobaki wazi. Hakuna dawa hapa wala kifaa kipya. Kinachotakiwa ni watu wanne au watano wenye uangalifu, mmoja wao akishika kichwa na mpira uliomo kooni.

Mwaka 1976 Piehl na Brown waliandika kuhusu wagonjwa watano waliogeuzwa hivyo, na oksijeni yao ikapanda. Mtu angedhani mambo yameisha hapo. Hayakuisha. Mwaka 2001 Gattinoni na wenzake nchini Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 304, nusu wakigeuzwa kwa saa sita au zaidi kila siku. Oksijeni ilipanda kweli, lakini vifo havikupungua. Mwaka 2004 Guérin na wenzake Ufaransa wakatoa matokeo ya wagonjwa 791, na vifo havikupungua tena, tena waliogeuzwa walipata vidonda vingi zaidi vya kulalia. Mwaka 2009 wagonjwa 342, saa ishirini kwa siku, na bado tofauti ya vifo haikuthibitika.

Niliposoma hapo nilifurahi, na ninaona haya kuliandika hili. Nilisema: basi, hata wangemgeuza isingesaidia. Lakini huwezi kusoma nusu ya mlango wa fiqhi ukafunga kitabu, na mimi nilishafanya hivyo mara moja.

Kati ya mwaka 2008 na 2011 Guérin alirudi tena. Safari hii alichukua wagonjwa mahututi zaidi, wote wakiwa kwenye mashine, na waliogeuzwa walikaa kifudifudi saa kumi na sita mfululizo au zaidi. Vyumba vya wagonjwa mahututi 26 vya Ufaransa na kimoja cha Hispania vilishiriki. Wagonjwa walikuwa 466. Waliopangiwa kifudifudi walikuwa 237, waliobaki chali 229, na aliyeamua nani aende wapi hakuwa daktari, wala jamaa, wala mgonjwa. Ilikuwa kura, iliyopigwa kwa kompyuta. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: katika siku 28, kwa waliogeuzwa walikufa asilimia 16, na kwa waliobaki chali asilimia 32.8. Kwa idadi ya watu, 38 kwa upande mmoja na 75 kwa upande wa pili.

Hapa ndipo niliposimama muda mrefu. Watu 229 waliachwa chali kwa sababu ya kura. Je, ni halali?

Sisi wa sharia kura si jambo geni kwetu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze. Mtu mmoja aliwaacha huru watumwa sita wakati wa mauti yake na hakuwa na mali nyingine, Mtume akapiga kura, wawili wakawa huru. Qur'ani inataja kalamu zilizotupwa ili ajulikane nani atamlea Maryam. Wahanafi wana masharti makali zaidi katika baadhi ya milango, lakini asili ya kura kwa jamhuri ya maulamaa ipo. Al-Qarafi katika kitabu chake al-Furuq anaweka mpaka ambao kwangu ndio ufunguo wa suala hili lote: haki au maslahi yakishabainika kuwa yako upande mmoja, kura hairuhusiwi, kwa sababu ni kuipoteza haki hiyo. Kura ina mahali pake pale tu ambapo pande mbili ziko sawa na hakuna cha kuzitenganisha.

Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye alinipinga, na hoja yake ina uzito. Alisema safari na mali si sawa na roho. Akanikumbusha kisa cha Nabii Yunus (a.s.), ambaye kura ilimwangukia akatupwa baharini, na kwamba wafasiri wakubwa wamesema hilo lilikuwa katika sharia ya waliotutangulia, katika sharia yetu haijuzu kumtupa mtu baharini kwa kura hata kama jahazi linazama. "Sasa hao 229," akasema, "hawakutupwa baharini?"

Nilikaa na swali lake wiki nzima. Jibu langu ni kwamba inategemea walioandaa kura walikuwa wanajua nini siku ile. Anayemtupa mtu baharini anajua bahari inafanya nini. Mwaka 2008, tafiti mbili kubwa zilikuwa hazijaonyesha kuwa kugeuza kunaokoa roho, na hii ya mwaka 2009 ilikuja kuongeza shaka wakati kura zikiendelea. Kugeuza kwenyewe kuna hatari: mpira unaweza kuchomoka kooni, uso na kifua huota vidonda. Aliyelala chali hakuachwa bila matibabu, alipata mashine na dawa zilezile na uangalizi uleule. Upande wenye usalama haukujulikana uko wapi. Hiyo si bahari ya Yunus.

Lakini sitaki kulimaliza kirahisi, kwa sababu kuna jambo lililonisumbua. Vyumba vilivyoshiriki vilikuwa vimeshatumia ulazaji huu kwa zaidi ya miaka mitano. Bila shaka wapo waliokuwa wanauamini. Na sisi tunafundishwa kwamba dhana iliyo na nguvu, ghalabatu dhanni, inatosha kufanyia kazi. Anayetafuta Kibla gizani husali upande anaoudhania, hapigi kura. Iweje daktari anayedhani kwa nguvu kwamba kifudifudi ni bora amwache mgonjwa wake chali?

Kilichonisaidia ni mlango wa kadhi. Mafaqihi wengi wanamkataza kadhi kuhukumu kwa anachokijua yeye mwenyewe. Hata kama alimwona mtu kwa macho yake, anataka mashahidi. Wameliweka hilo kwa sababu wanajua moyo wa mwanadamu: anayeamini jambo huona dalili zake kila mahali. Daktari aliyemgeuza mgonjwa akapona humkumbuka yule. Aliyekufa atasema ugonjwa ulikuwa umeshazidi. Dhana ya mtu mmoja juu ya mgonjwa mmoja ni kama ya yule anayetafuta Kibla. Dhana itakayogeuzwa hukumu kwa wagonjwa wa dunia nzima inahitaji mashahidi, na kura ni namna ya kuwapata mashahidi ambao hawakuchaguliwa na anayedai. Ukimwachia daktari achague nani ageuzwe, atachagua wale anaowaona wana matumaini, kisha atasema ugeuzaji ndio uliowaponya.

Kwa hiyo naona kura ile ilijuzu, kwa masharti. Wagonjwa wa namna hii hawana fahamu, hivyo anayeombwa ruhusa huwa ni jamaa, na jamaa huyo aambiwe wazi kwamba ni kura. Aambiwe kwa lugha anayoielewa, na neno "hatujui" litamkwe. Sisi wa nchi hizi tunajua karatasi husainiwa vipi: unapewa kalamu, unaonyeshwa mstari, na ukiuliza swali unaambiwa daktari ana haraka. Ruhusa ya namna hiyo mimi siioni kuwa ni ruhusa. Na sharti jingine ni kwamba kura ina mwisho. Baada ya mwaka 2013, kwa mgonjwa mahututi aliye kwenye mashine, upande umeshabainika; atakayepiga kura ileile leo anaipoteza haki ya mtu.

Na tusidhani lawama ni za watafiti peke yao. Msimu wa baridi wa mwaka 2014, baada ya matokeo kutangazwa, utafiti mwingine ulihesabu yanayofanyika katika vyumba vya wagonjwa mahututi 459 vya nchi 50. Kwa wenye hali mbaya zaidi, waliolazwa kifudifudi walikuwa asilimia 16 tu. Elimu ilikuwepo, bei yake ni mikono ya watu watano, na wengi waliachwa chali. Watu hulijadili sana suala la wale 229. Hao wengine, ambao hawakuachwa chali kwa kura bali kwa mazoea, sijasikia wakitajwa.

Sasa nirudi kwa baba mkubwa, kwa sababu yeye hakuwa kwenye mashine. Alikuwa macho, anaongea, anashika tasbihi. Korona ilipokuja, madaktari walifanya kiasi: aliye macho wakampima kwa aliye kwenye mashine. Sisi tungeuliza papo hapo, je, hiki si kiasi chenye tofauti, qiyas maal-fariq? Illa ni moja? Kwa wa mashine, sehemu ya faida inatokana na kuyalinda mapafu dhidi ya mashine yenyewe, na aliye macho hana mashine. Wakaingia tena kwenye kura. Mwezi Agosti 2021, miezi michache baada ya mazishi yetu, yakatoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,100 wa Kanada, Ufaransa, Ireland, Meksiko, Hispania na Marekani. Waliokufa au kuhitaji kuwekewa mashine walikuwa asilimia 40 kwa walioombwa kulala kifudifudi, na 46 kwa wengine. Ukitazama vifo peke yake, tofauti haikuthibitika. Mwaka 2022 ukatoka mwingine wa wagonjwa 400, wakiwemo wa Saudia na Kuwait, na humo hata haja ya mashine haikuonyesha tofauti iliyothibitika.

Hilo la Saudia na Kuwait lilinichoma. Wagonjwa waliokuwa macho katika nchi hizo waliombwa kulala kwa matumbo yao. Sijui ni wangapi kati yao walikuwa wanaijua hadithi ile, lakini hakika walikuwepo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza halina jibu, na halitapata. Huenda kugeuka kungemfaa baba mkubwa. Huenda kusingebadilisha kitu. Tafiti hizi hazinihukumu wala haziniachii huru. Kwa muda nilitaka kujificha humo. Nilimwendea mwalimu wetu wa Hadithi, nikamweleza yote, pamoja na hizo asilimia, nikitarajia aseme ajali yake ilikuwa imefika. Hakusema hivyo. Aliniuliza: "Ulimuuliza muuguzi kwa nini anataka alale hivyo?" Nikasema hapana. Akaniuliza: "Hukumu ya kulala hivyo ni ipi?" Nikasema karaha, kwa kauli ya wengi. "Na karaha inaondoka kwa nini?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu tulilihifadhi tangu thanawi: karaha huondoka kwa haja, wala haifiki hata kwenye dharura. Juu ya hayo, maulamaa wa hadithi wameyajadili sana mapokezi ya riwaya hizo, na mimi nilizitaja kwa mkupuo kama aya.

Kisha akanikumbusha kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir, cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akaota, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu lawama kali kuliko zote ninazozijua katika mlango huo, na akawaeleza kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Mwalimu akaniambia nitazame jambo moja: hawakuulizwa kama jeraha lile lingemuua vyovyote.

Nimekaa na hilo mpaka leo. Guérin na wenzake walikuwa hawajui, na kutojua kwao wakakuandika, wakakupeleka kwenye kamati, wakakaa miaka mitatu na nusu wakihesabu. Mimi nilikuwa sijui, na kutojua kwangu nikakuvalisha majina matatu ya maimamu nikakutuma kwa simu. Wao waliwaacha chali watu 229, na nimesema naona wana udhuru. Mimi nilimwacha mmoja, na siwezi kusema hivyo kwa nafsi yangu.

Liko jambo moja ambalo sijalipatia ufumbuzi, na yeyote mwenye elimu zaidi anisaidie. Mama mkubwa hajui. Yeye anaamini mumewe alikufa akiwa ameshika Sunna mpaka pumzi ya mwisho, na huwasimulia wajukuu hivyo, na mimi hunitaja katika masimulizi hayo, kwamba ndiye niliyemthibitishia mzee. Je, nimwambie kwamba hukumu niliyoitoa ilikuwa nusu? Nikikaa kimya, hadithi ile itaendelea kusimuliwa Buyenzi kama fatwa, na siku moja mwingine atakuwa kwenye kitanda kile akikumbuka kwamba muadhini wetu alikataa. Nikisema, namwondolea mjane faraja yake kwa ajili ya jambo ambalo tafiti zenyewe hazijui kama lingemwokoa.

Kaka ninaona lazima aambiwe, na nimeshamwambia; alinisikiliza, hakunilaumu, akaniomba nimwachie mama yake kwanza. Ujumbe wangu wa sauti bado anao kwenye simu yake. Likizo ya mwezi ujao nitakuwa nyumbani, inshallah. Sijajua nitaanza vipi.

Wallahu aalam.